Jinsi ya kupata nafasi katika kipakatalishi kikuukuu kilichojaa

WATUMIAJI wengi wa vipakatalishi vya zamani hudhani mitambo yao imefika mwisho wa safari pindi inapoanza kukataa kuhifadhi kazi mpya. Hata hivyo, aghalabu kinachokosekana ni nafasi tu, na nafasi hiyo yaweza kupatikana bila kununua mtambo mwingine.

Tatizo hili huwakumba hasa wenye vipakatalishi vya bei nafuu vilivyo na hifadhi ya gigabaiti 32 pekee. Mfano ni HP Stream 11, iliyoingia sokoni mwishoni mwa mwaka wa 2014 na kuuzwa nchini Marekani kwa takriban dola 199. Hifadhi ya aina hiyo, ijulikanayo kama eMMC, huunganishwa moja kwa moja na ubao mkuu wa mtambo. Kwa sababu hiyo, fundi hawezi kuichomoa na kuweka kubwa zaidi kama afanyavyo kwa diski ya kawaida.

Isitoshe, gigabaiti 32 zilizoandikwa kwenye kasha sizo anazoziona mtumiaji. Kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, ilhali Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Hifadhi hiyo basi husomeka kama gigabaiti 29.8, hata kabla ya mfumo endeshi wenyewe kuchukua sehemu yake.

Madhara ya hifadhi iliyojaa hayaishii kwenye kero ya mtambo kwenda polepole. Mfumo unapokosa nafasi hushindwa kupokea marekebisho ya usalama, na mianya ambayo wahalifu wa mtandaoni hutumia hubaki wazi. Hatari hiyo si ndogo kwa mtu anayetumia kipakatalishi hicho kuingia katika akaunti ya benki au kuwasilisha ripoti za ushuru.

Hatua ya kwanza si kufuta bali ni kunakili. Picha, barua, vyeti na kazi za masomo zinafaa kuhamishiwa kwenye flashi au diski ya nje. Baada ya kunakili, mtumiaji afungue baadhi ya faili hizo zikiwa kwenye flashi ili ahakikishe kuwa zinasomeka. Ni baada ya hapo tu ndipo anaweza kufuta zilizomo kwenye kipakatalishi.

Hatua ya pili ni kutambua kinachojaza hifadhi. Katika Windows 10 na Windows 11, mipangilio ya mfumo ina ukurasa wa hifadhi unaoonyesha kiasi kinachochukuliwa na programu, picha, video na faili za muda. Mara nyingi mzigo mkubwa hupatikana katika folda ya Downloads, ambako video na nakala za programu zilizokwisha kuwekwa husahaulika kwa miaka. Faili iliyofutwa nayo huendelea kukaa katika pipa la taka la tarakilishi, na nafasi yake hairudi hadi pipa hilo limwagwe.

Baada ya hapo, programu ya Disk Cleanup iliyomo ndani ya Windows huweza kuondoa faili za muda na mabaki ya marekebisho ya zamani. Mtumiaji akichagua kusafisha pia faili za mfumo, ataweza kuondoa folda iitwayo Windows.old, ambayo huhifadhi toleo la awali baada ya mfumo kupandishwa daraja. Folda hiyo huchukua gigabaiti kadhaa. Hata hivyo, anayeifuta hawezi tena kurejea kwenye toleo lile la awali.

Kuna pia faili iliyofichwa iitwayo hiberfil.sys, ambayo hutunza kazi zilizokuwa wazi mtambo unapolazwa usingizi mzito. Faili hiyo hukua kulingana na ukubwa wa kumbukumbu ya RAM. Asiyehitaji huduma hiyo anaweza kufungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika powercfg /h off, nayo faili itaondoka. Hasara yake ni kwamba mtambo utachukua muda mrefu kidogo kuwaka.

Programu zisizotumika nazo ziondolewe kupitia mipangilio, wala si kwa kufuta folda zake kwa mkono. Vilevile, picha na video zinaweza kuhamishiwa kwenye kadi ya SD ikiwa kipakatalishi kina tundu la kadi hiyo.

Makosa matatu yanafaa kuepukwa. Kwanza, folda ya WinSxS na nyinginezo zilizo ndani ya folda ya Windows zisiguswe, hata zikionekana kubwa kupindukia, kwani mtambo huenda usiwake tena. Pili, anayetumia OneDrive akumbuke kuwa faili iliyofutwa kwenye folda iliyounganishwa hufutika pia mtandaoni. Njia salama ni kuchagua faili hiyo ibaki mtandaoni pekee. Tatu, programu za kusafisha tarakilishi zinazotangazwa kwenye tovuti zisizojulikana ziepukwe, kwa kuwa baadhi yazo hubeba virusi.

Iwapo nafasi ingali haitoshi kupokea marekebisho makubwa, Windows 10 humruhusu mtumiaji kuchomeka flashi au diski ya nje yenye nafasi ya kutosha, ikatumika kwa muda wakati wa kazi hiyo.

Ni vyema pia kuzingatia kuwa kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo huhitaji hifadhi ya gigabaiti 64 au zaidi, kiwango ambacho vipakatalishi vya gigabaiti 32 haviwezi kufikia. Wamiliki wa mitambo hiyo wanaweza kufikiria mifumo myepesi ya Linux kama vile Lubuntu, ambayo hupatikana bila malipo. Kuweka mfumo mpya mahali pa ule wa zamani hufuta kila kitu kilichomo, hivyo nakala za faili ni lazima ziwe zimetengwa mapema.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayetenga muda mara moja kila mwezi kumwaga pipa la taka, kupitia folda ya Downloads na kunakili kazi zake hatalazimika kuchagua la kufuta kwa pupa siku ambayo ripoti au tasnifu inahitajika.