Unataka chuo cha Marekani kwa mbio? Anza na gredi

Tuseme uko Fomu Tri pale Wamunyu. Jioni unapiga mbio kwenye barabara ya vumbi na kocha ameshakuambia una miguu. Ndoto yako ni chuo kikubwa Marekani. Sasa usome ama ukimbie?

Fanya yote mawili, lakini kitabu kwanza.

Ukambani hatujakosa wakimbiaji. Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda Boston Marathon mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995. Patrick Makau, naye wa huku, aliweka rekodi ya dunia ya marathon kule Berlin mwaka 2011: saa 2:03:38. Hiyo ilikuwa njia ya mbio za kulipwa. Njia ya chuo ina masharti mengine.

NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo vingi huko, hukagua masomo yako ya sekondari kabla ya kukuruhusu kushindana. Kwa Mkenya, cheti cha KCSE ndicho kinachosema. Ukianguka hapo, muda wako wa mita 1500 hautakuokoa.

Vyuo vigumu kabisa kuingia vina jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Vyuo vinane vya Ivy League, kama Harvard, Yale na Princeton, havitoi ufadhili wa michezo hata kidogo. Kocha anaweza kukusemea, lakini msaada wa pesa hutegemea hali ya familia yako. Kwa mtoto wa mchonga vinyago ama mkulima, hiyo ni habari njema: ukiumia goti, msaada huo hauondoki kwa sababu umeacha kukimbia.

Kuna mfano wa hapa nyumbani. Mwaka 2004, Mike Boit, mshindi wa shaba mita 800 Olimpiki ya 1972, na mwandishi Mmarekani John Manners walianzisha KenSAP huko Bonde la Ufa. Walitafuta wanafunzi waliopata A kwenye KCSE, kisha wakawakimbiza mita 1500 pale Iten kuona nani ana kipaji. Ona mpangilio wenyewe: gredi ilitangulia, saa ya kocha ikafuata.

Basi ufanyeje? Kimbia alfajiri, usiku uwachie vitabu. Shiriki mashindano ya shule ambako muda unarekodiwa rasmi. Ukimwandikia kocha wa chuo, mtumie muda wako na gredi zako kwenye barua pepe moja. Kabla ya kukimbilia pesa za mbio za barabarani, uliza kanuni zinasemaje. Na wakala akikuambia mzazi auze ng'ombe ndio upate "nafasi ya uhakika", achana naye. Nafasi ya chuo haiuzwi sokoni.

Wiki hii, mwombe mwalimu wa darasa rekodi ya matokeo yako tangu Fomu Wan. Ukiona hesabu inakuangusha, hapo ndipo pa kuongeza mazoezi.