Acheni kuniuliza mizani ya nukta ngapi

Swali huanza na salamu ndefu, kisha linafika palepale: "Mtaalamu, nataka kununua mizani ya dhahabu. Nichukue ya nukta mbili au ya nukta tatu?" Linatoka Geita, Kahama na Chunya, na siku hizi linavuka mpaka kutoka Migori. Anayeuliza huwa tayari ana jibu lake mfukoni. Tatu ni zaidi ya mbili, kwa hiyo ya nukta tatu ndiyo kali, na kutoka kwangu anataka baraka tu. Leo sitoi baraka.

Imani yenyewe ni kwamba kadiri kioo cha mizani kinavyoonyesha tarakimu nyingi baada ya nukta, ndivyo mizani inavyosema kweli, na ndivyo mwenye dhahabu anavyokuwa salama asipunjwe. Nimeisikia kwa wachimbaji, kwa madalali, na hata kwa watu waliosoma fizikia wakafaulu. Ni imani ya hovyo. Kioo huonyesha kile ambacho mtengenezaji ameamua kionyeshe. Kuongeza tarakimu moja kwenye kioo ni suala la programu tu, na gharama yake ni karibu na bure. Kinachogharimu ni kuifanya tarakimu hiyo iwe ya kweli, na gharama hiyo huikuti katika kimizani cha mfukoni kinachouzwa pamoja na chaja za simu.

Fungua kimizani hicho utazame. Chini ya sahani kuna kipande cha alumini kilichotobolewa katikati, na juu yake vimegandishwa vitepe vyembamba vyenye waya. Ukiweka mzigo, alumini inapinda kiasi ambacho jicho halikioni, vile vitepe vinavutika, umeme unaopita ndani yake unabadilika, na chipu inatafsiri badiliko hilo kuwa gramu. Hakuna zaidi ya hapo. Sasa alumini haijui kilichoipinda. Jua la saa sita likipenya dirishani linaitanua. Feni ikipuliza juu ya sahani inaisukuma. Betri ikikaribia kuisha, umeme unayumba. Chipu inazipokea habari zote hizo na kuzitafsiri kuwa gramu, kwa unyenyekevu uleule. Ukiwa na tarakimu tatu baada ya nukta, ile ya mwisho mara nyingi inakusomea hali ya hewa ya chumba.

Kama huniamini, fanya jaribio ambalo huwa nawapa wanaonibishia. Chukua jiwe la mizani la gramu 2, liweke katikati ya sahani, subiri kioo kitulie, andika. Liondoe, angalia kama kioo kimerudi sufuri, liweke tena, andika. Rudia hivyo mara kumi. Kisha liweke kwenye kila kona ya sahani badala ya katikati. Kwenye kimizani cha bei ya chini cha nukta tatu usishangae kuona 2.004, kisha 1.997, kisha 2.001, na kona zikakupa majibu mengine kabisa. Mizani ya namna hiyo imekutajia elfu za gramu bila kuzijua. Ile ya nukta mbili iliyojengwa vizuri itakupa 2.00 mara zote kumi, na kwenye kona zote. Hiyo ya pili ndiyo naiita sahihi. Mizani isiyoweza kurudia jibu lake haina jibu, hata ikiwa na tarakimu sita.

Kuna ushahidi mwingine, nao umeandikwa kwenye mizani yenyewe, ila hakuna anayeusoma. Mizani halali ya biashara ina kibao kidogo cha maelezo, nyuma au ubavuni. Tafuta herufi mbili: d na e. Herufi d ni hatua ndogo kabisa inayoonyeshwa kwenye kioo. Herufi e ni hatua ambayo mkaguzi anaitumia kuithibitisha mizani, yaani ile ambayo sheria inakubali kuitegemea. Kwenye mizani nyingi nzuri za nukta mbili utakuta d=0.01 g na e=0.1 g. Maana yake ni kwamba mtengenezaji mwenyewe, kampuni yenye heshima zake, anakuambia kwa maandishi kuwa tarakimu ya mwisho kwenye kioo ni ya kukusaidia tu kukadiria, na kwamba anayoisimamia mbele ya mkaguzi ni ile ya kabla yake.

Hesabu ya hapo inauma. Kwa utaratibu wa OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, ambao nchi nyingi zimejengea kanuni zao, mizani ya daraja la II la usahihi yenye e ya gramu 0.1 inaruhusiwa kukosea gramu 0.05 siku inapothibitishwa, kwa mizigo isiyozidi gramu 500. Ikishaingia kazini inaruhusiwa kukosea mara mbili ya hapo, yaani gramu 0.1. Wachimbaji wanaijua gramu 0.1 kwa jina la pointi. Pointi nzima! Dhahabu ikiwa zaidi ya shilingi laki mbili za Tanzania kwa gramu, hiyo ni zaidi ya elfu ishirini inayoweza kupotea kwenye mizani halali, yenye stika, bila mtu yeyote kufanya udanganyifu. Kwa anayeuza gramu 300 ni vumbi. Kwa anayetoka mwaloni, kunakooshewa dhahabu, na gramu moja na nusu baada ya kulipia karasha la kusagia mawe na maji, ni mboga ya wiki. Na utaratibu huohuo unasema mizani ya aina hiyo isitumike kupima kitu kilicho chini ya gramu 5. Kibao kinaandika hilo pia: Min 5 g. Niambie ni mara ngapi umemwona mnunuzi akimrudisha mtu kwa sababu mzigo wake haufiki Min.

Kile kimizani cha nukta tatu kwa kawaida hakina e, hakina daraja, hakina Min. Hakina kwa sababu hakuna aliyekubali kukisimamia.

Wengine huniambia, "Lakini mimi huirekebisha mwenyewe kila asubuhi." Kwa jiwe gani, ndugu yangu? Kwa lile linalong'aa lililokuja ndani ya boksi. Mizani haiwezi kukubishia. Ukibonyeza kitufe cha kurekebisha na kuiwekea jiwe ukidai ni gramu 100, itakubali kuwa ni 100, na kutwa nzima itaendelea kusema uongo uliofundishwa alfajiri. Mawe ya mizani nayo yana madaraja. Jiwe la gramu 100 la daraja la M1 linaruhusiwa kukosea gramu 0.005. La F2 linaruhusiwa gramu 0.0016, na la F1 gramu 0.0005. Ukitaka nukta yako ya tatu iwe na maana, huwezi kuirekebisha kwa M1, kwa sababu kosa la jiwe peke yake ni hatua tano za kioo chako. Unahitaji F1 yenye cheti, na mara nyingi bei ya jiwe hilo inaizidi ya kimizani chenyewe. Hapo mazungumzo huwa yanaisha.

Halafu wapo walioletewa mizani na shemeji kutoka Ulaya, "ya kule kwenyewe, si ya Kichina". Mizani ya kielektroniki haipimi kiasi cha dhahabu. Inapima nguvu ambayo dunia inaivutia dhahabu hiyo chini, na nguvu hiyo hailingani kila mahali. Karibu na ikweta ni pungufu, na ukipanda juu ya usawa wa bahari inapungua zaidi. London ni takriban mita 9.81 kwa sekunde mraba, Mwanza ni karibu na 9.78. Mizani iliyorekebishwa London, ikafungashwa vizuri, ikawashwa Mwanza bila kurekebishwa upya, itaisoma gramu 100 kuwa kama gramu 99.7. Karibu theluthi moja ya gramu imebaki Ulaya, na anayeipoteza ni muuzaji. Kwa bei niliyoitaja ni zaidi ya elfu sitini kwa kila gramu 100. Hata ndani ya nchi yetu, kutoka Dar es Salaam hadi kando ya Ziwa Victoria kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, tofauti ni kama gramu 0.04 kwa kila 100. Kwa hiyo mizani ikihama mji inarekebishwa upya, hata kama ilirekebishwa juzi. Mizani ya mikono miwili ya masonara wa zamani wa Mombasa na Unguja haikuwa na shida hii, kwa kuwa dunia ilikuwa ikivuta jiwe na dhahabu kwa kipimo kimoja. Ilikuwa ya polepole, ila haikujali iko mji gani.

Jambo moja zaidi kabla sijafika kwenye ununuzi, kwa sababu linawaliza wengi na halihusiani hata kidogo na idadi ya nukta. Mizani nyingi za kielektroniki zimefundishwa kujirudisha sufuri zenyewe. Kioo kikianza kusogea taratibu sana karibu na sufuri, programu inaamini ni joto au upepo, na inalifuta badiliko hilo. Sasa mtu anakaa na dhahabu ya vumbi, anainyunyiza kwenye sahani tupu kidogo kidogo kama mpishi anayeonja chumvi. Kila chembe inayotua inafutwa. Dhahabu ipo kwenye sahani, macho yanaiona, kioo bado kiko 0.00. Wamarekani wanaojijazia risasi wenyewe kwa ajili ya shabaha wanalijua tatizo hili vizuri. Wao hupima baruti kwa kipimo kiitwacho greni, ambacho ni gramu 0.065 hivi, na huidondosha chembe kwa chembe, mahali ambapo kosa dogo linaweza kupasua bunduki usoni. Wapo kati yao ambao mpaka leo wanaweka mizani ya mkono pembeni ili kuisuta ile ya umeme. Dawa yake ni rahisi: mimina dhahabu yote kwenye kisahani kilicho pembeni, kisha weka kisahani chote kwa mkupuo mmoja. Mnunuzi akisisitiza kunyunyiza, funga kifurushi chako uende meza nyingine.

Na dhahabu iliyotoka kuchomwa isipimwe ikiwa ya moto. Hewa inayoizunguka inapata joto, inapanda, na inainua sahani kidogo. Inasomeka nyepesi. Ngoja ipoe, hata kama gari linapiga honi.

Haya, unanunua nini. Kama unanunua dhahabu kutoka kwa watu, chukua mizani ya daraja la II yenye e=0.01 g na uwezo wa gramu 200 hadi 600, yenye kizuizi cha upepo cha kioo na kipovu cha kuonyesha kama meza imelala sawa, inayotumia umeme wa ukuta na betri ya akiba. Ni ghali kuliko ile ya e=0.1, na ndiyo inayokupa haki ya kupima mzigo mdogo. Ukiwa na fedha zaidi, tafuta yenye jiwe la ndani linalojirekebisha lenyewe, utaepuka nusu ya niliyoyaandika hapo juu. Kabla ya kuilipia, pigia ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa wako uwaulize kama modeli hiyo inakubalika kwa biashara ya madini. Kwa walioko Kenya, ofisi ya vipimo ya kaunti. Ihakikiwe kila mwaka, na stika iwe ya mwaka huu. Iwashe nusu saa kabla ya kupima. Meza nzito, isiyotikiswa na jenereta, mbali na feni na mbali na dirisha. Simu iwe mfukoni, isiwe kando ya sahani. Mfuko wa nailoni usiwekwe kwenye sahani, unabeba umeme tuli unaochezea kioo.

Kama wewe ni mchimbaji unayeuza, kimizani cha mfukoni cha nukta mbili kinakutosha kwa kujikadiria kabla hujafika sokoni. Hakikubaliki kwa biashara, kwa hiyo usigombane nacho mezani. Fedha uliyotaka kuiongeza kwa ajili ya nukta ya tatu nunulia jiwe moja la gramu 10 la daraja la F2 lenye cheti, ulitunze kwenye kiboksi chake, na ulishike kwa koleo, kwani mafuta ya vidole na jasho vinaliongezea uzito. Masoko ya madini yalianzishwa kuanzia mwaka 2019 ili upimiwe hadharani, basi tumia haki hiyo. Kabla dhahabu yako haijapanda kwenye sahani, mwombe mnunuzi kwa heshima aweke jiwe lako kwanza, katikati kisha kwenye kona. Mwenye mizani nzuri atalipima huku akiendelea na stori zake. Akikasirika, umeshapata kipimo.

Na tafadhali, msinitumie tena picha ya sarafu ya shilingi mia ikiwa juu ya sahani mkiniuliza kama imesomeka sawa. Sarafu imepita kwenye mikono ya watu maelfu, imechakaa upande mmoja na kushika uchafu upande wa pili.