Leseni ya Muda, Wagonjwa wa Kweli

Machi 2020, wodi za Uingereza zilipokuwa zikijaa wagonjwa wa korona, vituo vya kuwapima kwa vitendo wauguzi waliosomea nje ya nchi vilifungwa. Bila kufaulu mtihani huo wa vitendo, wengi wao hawasajiliwi, hata wawe wamehudumu miaka mingi kwao.

Bunge likapitisha sheria ya dharura, na Baraza la Wauguzi na Wakunga likafungua daftari la muda. Wa kwanza kuitwa walikuwa wauguzi waliotoka kwenye usajili ndani ya miaka 3 iliyotangulia. Baadaye wakaongezwa baadhi ya wale wa kigeni waliokuwa wakisubiri mtihani. Hakuna aliyetozwa ada.

Lakini milango haikuachwa wazi ovyo. Muuguzi wa kigeni alitakiwa kuajiriwa na taasisi ya afya au huduma za jamii, na kufanya kazi chini ya uangalizi wa mtaalamu mwenye usajili kamili.

Masharti hayo yalikuwa ya haki: mgonjwa anayechomwa sindano hajui leseni ni ya aina gani. Na aliyetaka kubaki kazini moja kwa moja alipaswa kuomba usajili wa kudumu, mtihani ukiwemo kwa wale wa kigeni.