Siku London Ilipopokea Bendera

Hadithi, hadithi! Najua mtanijibu, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Leo uongo tuuache nje, utamu tubaki nao, maana haya yalitokea kweli, Jumapili ya tarehe 24 Agosti 2008.

Siku hiyo Michezo ya Olimpiki ya Beijing, mji mkuu wa China, ilikuwa inafikia tamati. Asubuhi wanaume walitoka kukimbia marathoni, kilomita 42 na mita 195. Nairobi kulikuwa bado giza. Mkenya Samuel Wanjiru, kijana wa miaka 21, alikwenda kwa kasi tangu mwanzo, joto lisimtishe, akamaliza kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Kabla yake hakuna Mkenya aliyekuwa amepata dhahabu ya marathoni ya Olimpiki.

Washindi wa mbio hizo walivishwa medali usiku, kwenye sherehe ya kufunga michezo. Kwa hiyo wimbo wa taifa wa Kenya ulipigwa katika uwanja uitwao Kiota cha Ndege, dunia nzima ikisikiliza. Kisha ukafika wakati wa makabidhiano.

Meya wa Beijing, Guo Jinlong, aliishika bendera ya Olimpiki, kitambaa cheupe chenye pete tano zilizoshikana: ya buluu, ya njano, nyeusi, ya kijani na nyekundu. Akampa Jacques Rogge, rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Rogge naye akamkabidhi meya wa London, Boris Johnson, aliyeipeperusha huku na huku. Zamu ya kuandaa michezo ijayo ikawa imehamia London. Halafu basi jekundu la ghorofa likaingia uwanjani, kama yale yanayobeba abiria London kila siku. Paa lake likafunguka, muziki ukapigwa, na David Beckham akaupiga mpira ukaangukia katikati ya umati.

Sasa tuondoke Beijing, twende Uingereza. Saa mbili usiku ya Beijing siku hiyo ilikuwa saa saba mchana ya London. Makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamejaa The Mall, barabara pana inayofika hadi mbele ya jumba la kifalme. Na si London peke yake. Katika miji mingine mingi watu walikusanyika mbele ya skrini kubwa, wazee kwa watoto, na bendera maalumu za makabidhiano zikapandishwa kwenye milingoti ya halmashauri zao.

Mtaniuliza: mtu wa mji wa mbali anashangilia nini, na bendera imepewa London? Fikirini harusi ya mtaani kwenu. Anayeoza ni mzee mmoja, lakini sufuria hutoka nyumba kumi, mikeka hutoka nyumba ishirini, na kuni hubebwa na yeyote mwenye mabega. Wahenga walisema, shughuli ni watu.

Na ndivyo ilivyokuwa miaka minne baadaye, michezo ilipofika Uingereza. Mbio za mashua hazikufanyika London, zilifanyika Weymouth na Portland, pwani ya kusini. Mechi ya kwanza kabisa ya michezo ile, ya soka la wanawake, ilichezwa Cardiff, huko Wales, tarehe 25 Julai 2012, siku mbili kabla London haijafungua rasmi. Mwenge ulizunguka nchi kwa siku 70, ukipokezanwa na watu wapatao 8,000. Na watu 70,000 walijitolea kuwaonyesha wageni njia na kuwasaidia, bila mshahara.

Tarehe 12 Agosti 2012 ikawa zamu ya London kuitoa ile bendera, ikaenda Rio de Janeiro. Mnajua nani alivishwa dhahabu ya marathoni usiku huo? Stephen Kiprotich wa Uganda! Nchi yake ilikuwa haijapata dhahabu ya Olimpiki kwa miaka 40. Mara mbili mfululizo bendera ilipokabidhiwa, wimbo wa taifa wa nchi ya Afrika Mashariki ulikuwa umetangulia.

Wajukuu zangu, zamu yetu nayo ilitajwa. Mwezi Septemba 2023, Kenya, Tanzania na Uganda zilichaguliwa kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Msiseme hiyo ni shughuli ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Hata kama uwanja uko mbali na kwenu, fagieni mtaa, jifunzeni salamu za wageni, pandisheni bendera shuleni. Mgeni njoo, mwenyeji apone; na mwenyeji ni wewe.