Kipimo Kinachoishia 8.2

Kifaa kikuu cha wajitolea wanaotia dawa katika maji kando ya Ziwa Kivu ni kichupa cha plastiki angavu chenye vyumba viwili, ambacho kilibuniwa kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea na ambacho, kwa kuwa ni chepesi, hakihitaji umeme na hakivunjiki upesi, kimepewa kazi nzito zaidi katika miji inayopambana na kipindupindu. Chumba cha kwanza huonyesha kiasi cha klorini iliyobaki katika maji baada ya kutiwa dawa. Cha pili huonyesha kama maji yameegemea upande wa asidi au wa alkali, hali ambayo wanakemia huipima kwa kipimo cha pH, ambapo 7 ni nambari ya maji yasiyoegemea upande wowote. Chumba cha kwanza kila mtia dawa hukijua na kukiamini. Cha pili ndicho kinachostahili kuulizwa maswali, hasa katika mji kama Bukavu.

Sababu za kazi hiyo ya kutia dawa hazihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa Kivu. Katika komine ya Ibanda mjini humo, kama ilivyo Kadutu na Bagira, mabomba ya Regideso, shirika la maji la taifa, hukauka, na familia isiyoweza kununua maji hushuka na mabidoni yake hadi ziwani au mtoni. Mwaka 2017 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilihesabu zaidi ya wagonjwa 55,000 wa kipindupindu na vifo zaidi ya 1,100, na Kivu Kusini ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyoumia. Mlipuko unapotangazwa, wajitolea wa Msalaba Mwekundu pamoja na reko, yaani wakazi walio kiungo kati ya nyumba za mtaa wao na kituo cha afya, huwekwa kwenye sehemu za kuchotea maji kando ya maziwa ya Kivu na Tanganyika, wakiwa na meza, ndoo ya dawa na bomba la sindano lisilo na sindano yake.

Kazi ya mtia dawa huonekana nyepesi kwa anayeitazama kutoka barabarani, kwa maana yeye huvuta dawa, huiingiza katika bidoni na kumwambia mwenye maji asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Lakini kila mililita ina hesabu yake. Dawa hiyo, ambayo huitwa mchanganyiko mama, hutengenezwa iwe na klorini asilimia 1, hivyo kwamba mililita moja hubeba miligramu 10, na ikitiwa katika bidoni ya lita 20 hutoa nusu miligramu kwa kila lita. Nusu miligramu ndicho kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani hutaka kiwe bado kimo majini baada ya dakika 30, na hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu maji hula klorini. Matope, majani yaliyooza na kinyesi huikamata kabla haijafika kwa kijidudu, kwa hiyo dozi ya kutia lazima iizidi ile inayotakiwa kubaki, na ziada hiyo haijulikani ila kwa kujaribu: mabidoni kadhaa ya maji yaleyale hutiwa viwango tofauti, nusu saa hungojwa, kisha kila moja hupimwa.

Kupima kwenyewe kuna adabu zake, na mtia dawa mwenye uzoefu huzisimamia kwa ukali unaostahili heshima. Kichupa husuuzwa kwa maji yaleyale yanayopimwa. Kidonge cha DPD, kemikali inayogeuka waridi ikikutana na klorini, husukumwa moja kwa moja kutoka katika karatasi yake ya alumini hadi chumbani bila kuguswa kwa kidole, kwa kuwa jasho na uchafu wa mkono huharibu jibu. Kichupa hufunikwa, hutikiswa hadi kidonge kiyeyuke, kisha husomwa mara moja katika mwanga wa mchana, rangi ya maji ikilinganishwa na ngazi ya rangi iliyo pembeni. Waridi hafifu ni dawa kidogo, na waridi iliyokolea ni dawa nyingi. Hata hivyo, klorini ikizidi sana huiunguza rangi yenyewe na kuyaacha maji meupe, kana kwamba hayakutiwa chochote. Mtia dawa asiyejua hilo anaweza kuongeza dawa pale alipopaswa kuipunguza.

Chumba cha pili hupokea kidonge cha fenoli nyekundu, na rangi yake hutoka manjano, penye pH ya 6.8, hadi nyekundu iliyoiva, penye 8.2. Ngazi huishia hapo, kwa kuwa hakuna bwawa la kuogelea linalotunzwa vizuri ambalo hupita kiwango hicho. Ziwa Kivu hulipita. Chemchemi zinazopenya miamba ya volkano chini ya ziwa huleta chumvi, magnesi na kabonati, na maji ya juu yana pH iliyo karibu na 9. Mtia dawa anayesimama ufuoni katika mitaa ya Nguba au Muhumba na kuchota maji safi yanayong'aa huona nyekundu ya mwisho wa ngazi, naye hana namna ya kujua kama nyekundu hiyo ni 8.2 au 9.2.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Klorini ikiingia majini hugawanyika katika sura mbili: asidi ya hipoklorasi, ambayo huua vijidudu upesi, na hipokloriti, ambayo ni dhaifu kuliko hiyo kwa makumi ya mara. Penye pH ya 7, karibu robo tatu ya klorini huwa katika sura yenye nguvu, penye 7.5 ni nusu. Penye 9 hubaki takriban asilimia 3. Kidonge cha DPD huzihesabu sura zote mbili pamoja na kutoa waridi ileile. Kwa sababu hiyo miongozo ya afya hutaka klorini inayobaki iongezwe, hata kufikia miligramu moja kwa lita, maji yanapopita pH ya 8. Kijidudu cha kipindupindu, kwa bahati njema, ni miongoni mwa vile ambavyo klorini huvishinda kwa urahisi, hivyo kazi ya wajitolea haipotei bure. Vijidudu vingine vya kuhara ni vigumu zaidi.

Mto Kahuwa, unaoshuka kutoka vilima vya mji na kuingia ziwani, huleta shida ya upande wa pili. Maji ya vijito vya milimani kwa kawaida hayako mbali na 7, ambapo klorini ina nguvu, lakini mvua ikinyesha hujaa udongo na taka za mitaa, na dozi iliyotosha asubuhi humezwa yote kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo ndani ya mji mmoja, maji machafu kwa macho huila dawa, na maji mazuri kwa macho huidhoofisha, na mjitolea hupewa mara nyingi dozi moja ya kutumia siku nzima, iliyopangwa na msimamizi wake.

Hapa mtia dawa ndiye anayejua zaidi kuliko karatasi aliyopewa. Yeye ndiye anayeona rangi ya mto ikibadilika, ndiye anayesikia malalamiko ya mama anayesema kwamba maji yananuka dawa na kwamba watoto wameyakataa, na ndiye anayejua kwamba bidoni iliyoacha meza ikiwa na waridi nzuri itamiminwa katika sufuria isiyo na kifuniko, ambako klorini itaisha kabla ya usiku na hakuna kichupa kitakachoipima. Anayoyajua hayo huandikwa wapi? Daftari la meza kwa kawaida huhesabu mabidoni, na mradi ukiisha meza huondoka pamoja na daftari lake, ilhali watu huendelea kuchota. Vipimo vya pH vinavyofika 10 vipo, vikiwamo vipande vya karatasi vinavyobadilika rangi, na havigharimu kiasi cha kuutikisa mradi wowote. Mbona kichupa cha bwawa la kuogelea ndicho kinachoendelea kununuliwa kwa ajili ya ziwa hili? Na hata kipimo sahihi kikifika Ibanda, ni nani mwenye ruhusa ya kubadilisha dozi saa nne asubuhi, mvua ikiwa imekatika nusu saa tu iliyopita na msururu wa mabidoni ukiwa umefika barabarani?