Kupima Msitu: Si Kuhesabu Miti Tu

Watu wengi wakitaka kujua hali ya msitu husimama ukingoni, hutazama miti mirefu, kisha husema, "Msitu huu ni mzima." Lakini msitu ni kama mji wa watu. Mji wenye wazee wengi na usio na watoto hausifiwi, hata kama nyumba zake ni nzuri. Maana wazee wakiisha, mji nao umekwisha. Kwa hiyo wajuzi wa misitu hawahesabu miti tu, bali hupima pia jinsi inavyotofautiana kwa unene, kwa kimo na kwa namna ilivyokaa.

Na tutazame wilaya ya Muheza, katika mkoa wa Tanga. Huko Longuza yako mashamba ya misaji, ambayo wengi huiita mitiki. Kila kipande cha shamba hupandwa kwa wakati mmoja, na miti yake ni ya rika moja. Si mbali na hapo, katika milima ya Usambara Mashariki, uko msitu wa asili wa Amani. Humo mna orofa juu ya orofa: miti mikubwa iliyopita yote, miti ya kimo cha kati, na chini yake michanga inayongoja nafasi ya kupata jua. Hondohondo hutaga katika matundu ya miti mikubwa, na wanyama wengine hukaa chini.

Sasa, tofauti hiyo hupimwaje? Mpimaji huchagua mahali na kupima duara. Katika hesabu ya misitu ya Tanzania Bara, ambayo taarifa yake ilitolewa mwaka 2015, duara ziliwekwa moja ndani ya nyingine. Katika ile ya nje, yenye mita 15 toka katikati hadi ukingoni, ilipimwa miti minene. Katika ile ya ndani kabisa, yenye mita 1, ilipimwa hata miti myembamba ya sentimeta 1. Kila mti huzungushiwa utepe mahali palipo mita 1.3 toka chini, yaani usawa wa kifua. Mzunguko ukigawanywa kwa 3.14, kipenyo hupatikana. Mti wenye mzunguko wa sentimeta 94 una kipenyo cha sentimeta 30.

Hapa yafaa tujihadhari na hesabu ya wastani. Tuseme kuna misitu miwili, kila mmoja una miti kumi. Katika wa kwanza, kila mti una sentimeta 30. Katika wa pili, vipenyo ni 10, 10, 10, 15, 15, 20, 30, 40, 60 na 90. Wastani wa yote miwili ni 30, wala mtu asiyeiona hawezi kuitenga. Walakini mmoja ni wa rika moja, na wa pili una watoto, vijana na wazee.

Dawa yake ni kuitia miti katika mafungu: toka sentimeta 10 hadi 19, toka 20 hadi 29, na kuendelea. Kisha hutumika kanuni ya Mmarekani Claude Shannon, aliyoitoa mwaka 1948 alipokuwa akichunguza upelekaji wa habari kwa simu. Mafungu yakiwa mengi, na miti ikigawanyika sawasawa kati yake, jibu huwa kubwa. Msitu wetu wa kwanza hupata 0. Wa pili hupata kama 1.5.

Lakini hata jibu hilo halitoshi. Geuza orodha ya msitu wa pili, miti mitano iwe ya fungu la minene kabisa, na mchanga uwe mmoja tu. Jibu litakuwa 1.5 vilevile! Kanuni hujua kwamba mafungu yapo. Haijui lipi ni la watoto na lipi ni la wazee. Kwa sababu hiyo hapana budi kusoma orodha yenyewe. Mfaransa de Liocourt alionyesha mwaka 1898 kwamba katika msitu wa miti ya marika mbalimbali, michanga ni mingi sana, na kadiri unene unavyozidi, idadi hupungua fungu kwa fungu. Fungu la michanga likiwa tupu, yafaa kuuliza: je, ni moto, ni mifugo, au ni kivuli kilichozidi?

Jambo hili lavihusu sana vijiji vyenye misitu yao wenyewe kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kijiji kikiuza miti minene pasipo kujua kama iko ya kuirithi, kitauza mara moja tu. Vivyo hivyo wale waokotao mbegu za msambu kwa ajili ya mafuta: apendaye wajukuu wake waziokote, na atazame kama michanga ya msambu ingaliko.

Kamba, kijiti cha mita 1.3 na daftari vyatosha kuanza. Wazee wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa msitu huonekana chini, kwenye michanga, kabla haujaonekana juu.