Chungu cha Pombe Nyumbani: Desturi, Ustadi na Hatari Zake huko Moiben

Mtu atokaye mjini Eldoret na kushika njia ya kaskazini-mashariki, baada ya mwendo mfupi hujiona yumo katika mashamba mapana ya Moiben. Nchi hii iko juu, zaidi ya mita 2000 kutoka usawa wa bahari. Hewa yake ni ya baridi, na udongo wake huzaa nafaka vizuri. Mahindi, ngano na shayiri husimama shamba kwa shamba hata macho huchoka kutazama. Katika nafaka hizo, shayiri ina safari ya ajabu. Hupandwa hapa, huvunwa hapa, kisha hupakiwa katika malori na kupelekwa kwa wenye viwanda, ambako hufanywa kimea na baadaye bia. Mwisho hurudi Moiben ndani ya chupa, nayo imekuwa ghali mara nyingi kuliko ilivyokuwa siku ilipoondoka.

Lakini iko nafaka nyingine isiyosafiri. Mahindi kidogo na wimbi kidogo hubaki nyumbani, na mama wa nyumba huvigeuza kuwa pombe kwa mikono yake mwenyewe, bila mashine na bila kitabu. Habari za chungu hicho cha nyumbani yafaa zitazamwe kwa makini, kwa maana ndani yake mna ustadi, mna heshima, mna fedha, na mara nyingine mna mauti.

DESTURI YA MIRIJA

Wakalenjin huiita pombe yao ya nafaka maiyek. Zamani haikuwa kinywaji cha kila siku. Ilipikwa kwa sababu maalum: watu walipoitana kulima au kujenga kwa ushirika, vijana walipotoka jandoni, au wazee wa koo mbili walipokutana kuzungumza mambo ya ndoa. Ilikuwako pia pombe ya asali, ambayo thamani yake ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa asali haipatikani kwa wingi kama nafaka.

Chungu kiliwekwa katikati, na wazee wakakaa juu ya vigoda kukizunguka. Kila mmoja alikuwa na mrija wake mrefu, wenye kichujio kidogo kwenye ncha ili machicha yasipande kinywani. Maji ya moto yaliongezwa kidogo kidogo, na kadiri maji yalivyozidi ndivyo pombe ilivyopungua nguvu. Hivyo baraza lilianza kwa kinywaji kikali na kumalizika kwa kinywaji chepesi, na watu wengi waliweza kurudi kwao kwa miguu yao wenyewe. Chungu kilipokwisha, mazungumzo nayo yalikwisha. Hapana mtu aliyeweza kuagiza kingine, kwani cha kuagiza hakikuwapo.

Desturi hii si ya Wakalenjin peke yao. Wabukusu na Wateso hunywa kwa mirija hivyo hivyo, na Wakikuyu wana muratina yao, ambayo huchachushwa kwa tunda la mti uitwao mwegea. Hata katika nchi ya kale ya Sumeri, ambayo leo ni sehemu ya Iraki, zimeonekana picha zilizochongwa zaidi ya miaka 4000 iliyopita, zikionyesha watu waliokizunguka chungu wakinywa kwa mirija. Basi mzee wa Moiben aliyeshika mrija wake hakuwa akifanya jambo la kuonewa haya mbele ya mataifa.

USTADI WA MPISHI

Busaa, ambayo sasa yajulikana kila mahali katika magharibi ya Kenya, hupikwa kwa hatua nyingi. Kwanza wimbi hulowekwa, kisha hutandazwa mahali penye unyevu na kufunikwa mpaka machipukizi yatokee. Halafu huanikwa juani na kusagwa. Huo ndio unga wa kimea. Upande mwingine, unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa siku kadhaa uchachuke, kisha hukaangwa juu ya bati au karai kubwa hata uwe na rangi ya kahawia na harufu tamu. Unga uliokaangwa huchanganywa na maji, kimea hutiwa, na mchanganyiko huachwa uumuke. Baada ya siku mbili, tatu au nne huchujwa, na pombe huwa tayari. Machicha hayatupwi, kwani ng'ombe huyapenda.

Kila hatua ina maana yake. Mbegu inapochipuka hutengeneza ndani yake vitu viwezavyo kuugeuza wanga kuwa sukari. Hamira, ambayo ni wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, huila sukari hiyo na kutoa kileo pamoja na hewa ifanyayo mapovu. Mtaalamu wa Kifaransa, Louis Pasteur, alitoa kitabu kizima juu ya mambo ya bia mwaka 1876, akaeleza kwamba pombe huharibika kwa sababu ya vijidudu vigeni viingiavyo ndani yake. Bibi wa Moiben hakumsoma Pasteur, lakini alijua kuosha chungu, kukifunika, na kutochota kwa kikombe kichafu.

Baridi ya nchi ya juu nayo ina neno lake. Usiku wa Moiben ukiwa mkali, hamira hulala na pombe hukawia; ndiyo sababu mpishi hukiweka chungu karibu na meko au hukizungushia magunia. Kadhalika, mahali palipo juu namna hii maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi za joto, wala si nyuzi 100 kama pwani. Mpishi aliyetoka Mombasa angeona chakula kinachelewa kuiva, asijue kisa chake.

Huenda mkulima akauliza: ikiwa shayiri yaota mlangoni pake, mbona asipike bia ya chupa mwenyewe? Jibu ni kwamba bia ya namna hiyo huhitaji kitu kingine, nacho ni hopsi, ua chungu linaloipa bia ladha yake na kuizuia isioze upesi. Mmea huo hupenda nchi zenye mchana mrefu wakati wa kiangazi, wala haustawi kwa urahisi karibu na ikweta. Katika Bavaria, nchi ya Wajerumani, sheria ya mwaka 1516 iliamuru bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Busaa haina hopsi, na kwa hiyo haikai. Baada ya siku chache huwa siki. Ni pombe ya kupikwa na kunywewa papo hapo, kati ya watu wanaojuana.

SHERIA ILIVYOBADILIKA

Katika siku za ukoloni mpishi wa Kiafrika alihitaji kibali cha wakubwa, na Mwafrika hakuruhusiwa kununua vileo vya Kizungu. Bia ya chupa ilianza kutengenezwa Nairobi mwaka 1922 na ndugu wawili, George na Charles Hurst, pamoja na mwenzao. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu katika mawindo, na jina la bia ya Tusker likabaki kuwa ukumbusho wa mnyama huyo mwenye pembe. Kwa miaka mingi Mwafrika aliyeajiriwa katika mashamba ya Uasin Gishu aliweza kulima na kuvuna nafaka ya mzungu, lakini hakuweza kununua chupa moja ya bia hiyo. Amri ile ya bia iliondolewa baada ya Vita Kuu ya Pili.

Baada ya uhuru palikuwa na vilabu vya busaa vyenye leseni. Mwaka 1980 chang'aa, yaani pombe ya kukenekwa kwa moto, ilipigwa marufuku kabisa kwa sheria. Ilikaa hivyo kwa miaka 30, hata sheria mpya ya vileo ya mwaka 2010 ilipoyaondoa marufuku hayo na kuweka masharti mahali pake. Kwa sheria hiyo, mtengenezaji na mwuzaji wapaswa kuwa na leseni, na mtu aliye chini ya miaka 18 asiuziwe. Katiba ya mwaka 2010 nayo iliikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo.

Yafaa kulinganisha na nchi nyingine. Uingereza iliondoa leseni kwa mtu apikaye bia yake mwenyewe nyumbani mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru. Marekani ilifanya hivyo kwa sheria iliyotiwa sahihi na Rais Jimmy Carter mwaka 1978, ikiruhusu nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi kupika galoni 200 kwa mwaka, bila kuuza. Nchi hizo zilitofautisha mambo mawili: chungu cha mtu na wageni wake, na chungu cha biashara. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa msingi wa desturi ya mirija pia.

PALIPO NA MAUTI

Methali ya kale husema kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Laiti wauzaji wabaya wa siku hizi wangalitia maji tu! Mwezi wa Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa sumu ya methanoli, na wengine wakapofuka. Mwaka 2005 wengine zaidi ya 40 walikufa katika Machakos. Mwezi wa Februari 2024 vifo zaidi ya 10 vilitokea Kirinyaga.

Methanoli ni kileo cha viwandani, kitumiwacho kuyeyushia rangi na kwa kazi nyinginezo. Haina rangi, na mnywaji hawezi kuitambua kwa ulimi. Ikiingia mwilini hugeuka kuwa asidi ishambuliayo mishipa ya macho. Mtu huweza kuamka siku ya pili akaona kama ukungu mbele yake, asijue kwamba huo ndio mwanzo wa upofu. Aonaye dalili hizo, au atapikaye na kupumua kwa shida baada ya kunywa, apelekwe hospitali saa ile ile. Asiambiwe alale ulevi umtoke, maana wengi walioachwa walale hawakuamka.

Sumu hii haitoki katika chungu cha wimbi na mahindi kilichopikwa kwa usafi. Hutoka katika mkono wa mtu atakaye pombe yake iwe kali upesi na kwa bei ndogo. Kwa hiyo swali la kwanza la mnywaji lisiwe pombe hii ina nguvu kiasi gani, bali ni nani aliyeipika, na amepika kwa kitu gani.

MAMA NA KARO

Hata hivyo lipo jambo lisiloweza kumalizwa kwa kulaumu. Msomaji na amfikirie mama mwenye watoto wanne, ambaye shamba lake ni dogo na mume wake hayuko. Wimbi lake likiuzwa kama wimbi halitoshi karo ya muhula mmoja. Likipikwa busaa, latosha. Basi anapika, akiogopa kila asikiapo hatua za askari usiku, kwa maana pombe ikimwagwa, karo nayo imemwagwa. Na watoto wale ambao karo yao yatafutwa ndio wanaolala chumba cha pili, wakisikia kelele za wanywaji, wakaamka asubuhi kwenda shule wakiwa na usingizi machoni. Fedha ile ile imsaidiayo mtoto yaweza kumwangusha.

Kuna na hesabu ya ghala. Nyumba ipikayo kilo 2 za unga kwa siku hutumia gunia la kilo 90 kwa siku 45. Ikiwa kila wiki kilo 10 za mahindi zaingia katika chungu cha pombe, basi kila wiki chakula cha siku 5 kimeondoka ghalani. Pombe ikiuzwa kwa faida, chakula hicho chaweza kurudi. Lakini baba akiinywa yeye na rafiki zake, hakirudi, na mwezi wa sita njaa itabisha hodi katika nyumba iliyovuna vizuri.

Hapo ndipo busara yahitajiwa. Mama apikaye kwa kuuza ni heri aende ofisi ya kaunti akaulize masharti ya leseni kabla ya kuwasha moto, na ikiwezekana ajiunge na wenzake, kwa maana mzigo wa leseni ni mzito kwa mmoja kuliko kwa kumi. Mahali pa kuuzia pawe mbali na pale watoto walalapo. Hata apikaye kwa ajili ya sherehe yake tu, na aulize kwanza sheria yataka nini. Baba naye na ahesabu magunia yake kwanza, atenge ya chakula, atenge ya mbegu, kisha aone kama yamebaki ya chungu.

Wala pombe si njia pekee ya kumheshimu mgeni. Katika Moiben nyumba nyingi hazinywi kabisa, ama kwa ajili ya kanisa ama kwa hiari zao. Katika nyumba hizo mgeni hupewa chai au mursik, yale maziwa yaliyolala katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, ambayo wakimbiaji mashuhuri hukaribishwa kwayo warudipo na ushindi. Mgeni akiondoka amekunywa mursik, hakuna awezaye kusema kwamba hakukaribishwa.

Na kwa nyumba zipikazo, kipimo cha wazee kingali chafaa. Walipika kwa sababu, wakanywa mchana kati ya watu waliowajua, wakaongeza maji badala ya nguvu, na chungu kilipokwisha walikigeuza juu chini kikauke, wakaenda kufunga ng'ombe kabla giza halijaingia.